Mheshimiwa Aliyepita Dirishani

Jaji wa Mahakama Kuu haondolewi kwa sababu watu wamemchoka. Katiba ya nchi inataka sababu: ama ameshindwa kutekeleza kazi yake kwa maradhi au kwa jambo jingine lolote, ama tabia yake imeathiri maadili ya ujaji. Hata hapo hafukuzwi. Inaundwa kwanza tume, na angalau nusu ya wajumbe wake sharti wawe watu walio au waliopata kuwa majaji katika nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Rais naye ana ibara yake. Asilimia ishirini ya wabunge watie saini, theluthi mbili wapige kura, na miongoni mwa sababu ipo moja ambayo siku zote niliipenda kwa uzuri wa maneno yake: mwenendo unaodhalilisha kiti.

Mambo haya niliyafundisha kwa miaka thelathini na mitatu katika shule za msingi za Kisondela, kwa watoto ambao, kwa kadiri nilivyoweza kubaini, hawakuwa na mpango wa kumwondoa mtu yeyote madarakani. Nilipostaafu nilibaki na somo bila darasa. Mke wangu Debora, ambaye kijijini anaitwa Mama Gwamaka, alinisikiliza wiki mbili, kisha akanunua redio.

Ndipo wakulima wa parachichi wa kijijini kwetu walipoanzisha Umoja wao, wakauita Tujitegemee, wakaja kuniomba niwaandikie kanuni. Walitaka kurasa mbili: matunda yavunwe lini, kikonyo kikatwe wapi, na anayechanganya machanga ndani ya kreti afanywe nini. Niliwaandikia Katiba yenye ibara sitini na moja. Ibara ya tisa inahusu parachichi. Ibara ishirini na mbili zinahusu namna ya kumwondoa madarakani Mwenyekiti wa Baraza la Maadili.

Sikuona sababu ya mkulima wa parachichi kuwa na dhamana hafifu kuliko jaji. Kwa hiyo niliweka saini za asilimia ishirini ya wanachama, theluthi mbili za kura, na Tume ya Uchunguzi inayoongozwa na mtu kutoka nje ya kata, aliyepata kushika uenyekiti katika umoja wowote. Hiyo ndiyo iliyokuwa Jumuiya yetu ya Madola. Ilianzia kata ya Kiwira.

Wanachama waliipitisha Katiba hiyo bila kuisoma, wakanichagua mimi kuwa Mwenyekiti wa Baraza, nadhani kwa hofu kwamba nikikosa kazi nitaandika nyingine. Tangu siku hiyo nikaitwa Mheshimiwa. Sitadanganya: nililipenda neno hilo. Mtu aliyesoma vitabu vingi kuhusu ubatili wa vyeo anajua kuliko wengine jinsi cheo kinavyokaa vizuri mabegani.

Baraza letu lilikuwa na watu watatu na kazi ndogo. Kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya Isakwisa, mkulima wa makamo aliyepata kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Msimu uliopita tulipasua parachichi zake mbele ya wanachama, tukakuta ganda la kokwa bado jeupe. Alikuwa amevuna kabla ya wakati. Nilimsimamisha kuuza kupitia Umoja kwa msimu mzima, kwa hukumu ya kurasa saba, nikaisoma yote. Katika ukurasa wa tano nilimwona amelala.

Mwezi Machi wanachama walichagua katibu mpya. Walimchagua Tusekile, binti mwenye stashahada ya kilimo na mwandiko unaosomeka, sifa mbili ambazo kwetu ni nadra kuzikuta kwa mtu mmoja. Wote walifurahi. Mimi nilipiga makofi nikiwa tayari nimesimama, kwa kuwa Tusekile ni mke wa mwanangu Gwamaka.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawaketi chumba kimoja, hawatazamani, na jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mwanamke huyo. Wakikaribiana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia na kujificha mpaka mzee apite. Tukuyu mjini wengi wamelegeza, na hata Kisondela wapo walioacha. Mimi nilipaswa kuwa wa kwanza wao. Kwa miaka thelathini na mitatu niliifundisha mila hiyo chini ya kichwa cha habari "Mila Zinazorudisha Nyuma Maendeleo", nikiwa na hoja tano zilizopangwa kwa herufi. Gwamaka alipotaka kuoa nilimtangazia kwamba mkewe atakula mezani pangu kama mwanangu wa kumzaa.

Siku ya kwanza Tusekile alipoingia uani amebeba sahani, nilijikuta nyuma ya zizi la ng'ombe. Sikumbuki kufika huko. Nakumbuka tu kwamba ng'ombe aliniangalia, na kwamba hoja zote tano zilikuwa bado kichwani, zimepangwa vilevile, hazina kazi.

Kwa miaka miwili jambo hilo halikuhitaji maelezo. Wao waliishi chini ya mteremko, sisi juu, na katikati kulikuwa na migomba ya kutosha kuficha familia tatu. Lakini katibu wa Umoja ndiye anayeandika kumbukumbu za Baraza. Ibara ya thelathini inasema hivyo, na aliyeiandika namfahamu.

Kikao cha kwanza, cha Aprili, kilifanyika kwenye banda letu la kukusanyia matunda. Ni jengo la matofali lenye mlango mmoja, na upande wa nyuma lina dirisha pana lisilo na nondo, la kupitishia hewa. Nilikuwa nimeketi tayari Tusekile alipofika mlangoni na daftari lake. Aliniona, akainamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma kwenye mvua. Nilielewa mara moja. Mmoja wetu akiwa ndani, mwingine hawezi kuwamo. Kwa mila, wa kutoka ni yeye, na akitoka Umoja hauna katibu. Basi nikasema nimesahau simu nyumbani. Kwa kuwa mlango ulikuwa wake, nilipita dirishani.

Nilijieleza, nikiwa nje kwenye migomba, kwamba nilichofanya kilikuwa usawa wa kijinsia. Kwa karne nyingi mwanamke ndiye aliyeacha njia; sasa ameiacha mwanamume. Ilikuwa hoja nzuri. Niliipanga kwa herufi huku maji yakiniingia shingoni, na kikao kilipofika kwenye maamuzi nilikohoa mara moja kwa kukubali na mara mbili kwa kukataa. Wajumbe wenzangu walinielewa vizuri mno.

Kikao cha pili nilisema presha imepanda. Cha tatu nilisema mbuzi amekata kamba. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimelowa mpaka kwenye kitambulisho.

"Baba Gwamaka," mke wangu akasema, akinivua koti, "mbuzi umempata?"

"Nimempata."

"Maana hapa yupo tangu asubuhi. Nimemwambia, kaka, unatafutwa na Mheshimiwa, kata kamba basi japo kidogo."

"Mama Gwamaka, jambo hili ni la kitaratibu."

"Taratibu ipi? Unamkimbia mkweo kama babu yako alivyomkimbia mama yako wa watu. Hata mimi baba yako alinikimbia, tena yeye alikuwa hasomi magazeti. Sema tu. Nani atakucheka?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyefundisha kizazi kizima kuwa jambo fulani ni ujinga hawezi kuja kusema kwamba analitenda. Akaniambia ninywe chai.

Wiki mbili baadaye Isakwisa alifika nyumbani na bahasha. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hoja ya kukuondoa. Saini zimo."

Nikazihesabu. Umoja una wanachama sabini na wawili. Asilimia ishirini yao ni watu kumi na wanne na nukta nne.

"Nukta nne ilitusumbua," Isakwisa akasema. "Tukaona tuweke mtu mzima tu."

Saini zilikuwa kumi na tano. Sababu zilikuwa mbili, zimenakiliwa kwenye ibara zangu bila kukosea hata nukta: kwanza, kushindwa kutekeleza kazi, kwa kukosa vikao vitatu mfululizo, pili, mwenendo unaodhalilisha kiti, kwa kuonekana akitoka dirishani na kusimama kwenye migomba akisikiliza ukutani. Nilisoma kama mwalimu. Ningempa Isakwisa alama zote.

Nilikitaka kiti kile. Ni afadhali niseme hivyo wazi, kwa sababu kuanzia hapo kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili hiyo, huku nikisema ninailinda Katiba. Njia ya kukiokoa ilikuwa fupi: nisimame niseme kwamba ninamkwepa mkwe wangu, na hakuna mzee wa Kisondela ambaye angenyoosha mkono kuniadhibu kwa hilo. Ila nilikuwa na kitu kingine nilichokipenda kuliko kiti, nacho ni kule kujulikana kwamba siamini kitu. Nikatafuta namna ya kubaki na vyote viwili. Niliipata katika ibara ya arobaini na saba: mtuhumiwa atasomewa mashtaka ana kwa ana na katibu. Bila kusomewa, shauri halianzi. Na katibu hawezi kunisomea ana kwa ana. Mila niliyoikana miaka yote ingenilinda, na nisingelazimika hata kuitaja. Usiku huo nililala usingizi mzuri.

Siku ya shauri mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mzee Kasim, muuza ndizi na viazi wa Kiwira aliyewahi kuongoza wachuuzi wa soko lao. Alikuja kwa bodaboda, kofia yake ameifunika mfuko wa nailoni. Alipouvua aliukunja vizuri akautia mfukoni, akaketi juu ya kreti lililopinduliwa, wajumbe wenzake wawili wakakaa kando yake. Wanachama walijaa mpaka kwenye mizani.

Mtuhumiwa sharti awepo, kwa hiyo safari hii mimi nilikuwa ndani, kwenye kiti changu, na Tusekile alikuwa nje kwenye migomba na mwavuli. Kupitia dirishani nilikuwa naona ncha ya mwavuli huo, nikauangalia ukuta mwingine.

"Katibu, soma mashtaka," Mzee Kasim akasema.

Sauti ya Tusekile ikaja kutoka nje, safi kabisa. "Mashtaka dhidi ya mtuhumiwa, ambaye jina lake mnalijua..."

Nikanyanyua mkono. "Pingamizi, Mwenyekiti. Ibara ya arobaini na saba. Ana kwa ana."

Mzee Kasim alifungua nakala yake ya Katiba, akalamba kidole, akafunua kurasa nyingi. "Imeandikwa kweli. Nani aliandika haya?"

"Yeye," wakajibu watu wengi kwa pamoja.

"Mheshimiwa," Isakwisa akasema, "unamaanisha katibu aingie humu? Mbele yako?"

"Namaanisha Katiba ifuatwe."

"Haya, watu wote wamesikia. Yeye mwenyewe ameomba."

Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa kwamba mwenyekiti alitoka Kiwira, hakujua katibu ni mkwe wa nani, na alikuwa na haraka ya kurudi. "Basi aingie," Mzee Kasim akasema. "Katibu, njoo ndani usome tumalize. Viazi vyangu viko barabarani."

Nilisikia mwavuli ukifungwa. Nikasikia miguu ikizunguka jengo taratibu, kwenye matope, kama ya mtu anayempa mwenzake muda wa kufikiri. Nilifikiri. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima, msomi, raia wa jamhuri, na kwamba mlango ni mbao tu zilizopigiliwa misumari. Nilijikumbusha hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilikuwa kwenye hoja ya nne, inayohusu ushiriki wa wanawake katika uzalishaji, pindo la kitenge lilipoonekana kizingitini.

Simu zisizopungua sita zilirekodi kilichofuata, na kwenye kundi la WhatsApp la Umoja kinapatikana hata sasa. Mzee wa miaka sitini na saba anaonekana akipita dirishani kwa wepesi ambao daktari wangu hakuuamini. Kiatu kimoja kinabaki ndani.

Hawakucheka. Kicheko ningekivumilia. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti ya upole, "Ndaga, taata," yaani asante, baba, na wanawake wengine wakaitikia kwa mguno wa kuridhika. Nilikuwa nimeishi miaka sitini na saba bila kusifiwa na wanawake wale, na sasa wananisifu kwa hili.

Tusekile akaingia, akasimama mbele ya kiti kitupu, akayasoma mashtaka yote bila kujikwaa. Nilisikiliza kutoka chini ya mgomba uleule niliouzoea.

"Mwalimu," Mzee Kasim akaita kuelekea dirishani, "unasikia?"

"Nasikia."

"Hilo la kukosa vikao, unakiri au unakana?"

Kabla sijajibu, Isakwisa akasema, "Hapo, Mwenyekiti, kuna tatizo. Nimezipitia kumbukumbu za vikao. Katibu ameandika safu ya mahudhurio." Akasoma. "Aprili: Mwenyekiti, yupo, nje. Mei, kikao cha kwanza: Mwenyekiti, yupo, nje, mvua kubwa. Mei, kikao cha pili: Mwenyekiti, yupo, nje, hana mwavuli."

Safu ile ya kumbukumbu sikuwa nimeiona. Nilizitia saini bila kuzisoma, kama wanachama walivyoipitisha Katiba.

"Basi sababu ya kwanza imekufa," Mzee Kasim akasema baada ya kunong'ona na wenzake. "Alihudhuria kuliko nyie mliokaa pakavu. Imebaki ya kudhalilisha kiti. Mwalimu, kwa nini unatokea dirishani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nikaanza kueleza kwamba mwenendo wa mtu katika jamii zinazopita kwenye mabadiliko hauna budi kutazamwa kwa upana wake, kwamba wapo wataalamu waliochambua jinsi mazoea ya mwili yanavyochelewa nyuma ya mabadiliko ya fikra, na kwamba...

"Mwalimu," Isakwisa akanikatiza. Alikuwa amekuja dirishani, ameegemea kizingiti, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo asiniite Mheshimiwa. "Unaikumbuka hii? Mtihani wa Uraia, darasa la sita, mwaka tisini na tisa. Swali la nane: taja mila tatu zinazorudisha nyuma maendeleo katika jamii yako. Nilitaja mbili. La tatu nikaandika hivi: 'Mke kumkwepa baba mkwe siitaji, kwa sababu ni heshima, hata bibi yangu alisema.' Ukaweka mkasi. Pembeni ukaandika kwa wino mwekundu: fikra za kale. Nikapata arobaini na nane. Kufaulu kulikuwa hamsini."

"Umeitunza miaka yote hiyo?"

"Mama ndiye aliyeitunza, alidhani ni cheti. Sasa sikia, Mwalimu. Habari ya parachichi changa nilikosa, adhabu nimeibeba, sina neno. Lakini kila mtu humu ndani anajua unafanya nini huko nje. Tumejua tangu Aprili. Sema tu kwa mdomo wako, kwa Kiswahili chepesi, bila wataalamu. Ukisema, naiondoa hoja sasa hivi, unarudi kwenye kiti chako."

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye soksi ya mguu usio na kiatu. Ndani, Tusekile alikuwa ameacha kuandika, kalamu haikusikika. Sijui ni nini hasa kilichonishinda. Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri. Nadhani ni baridi.

"Ninamkwepa mkwe wangu," nikasema.

"Sauti."

"Ninamkwepa mkwe wangu! Siwezi kukaa naye chumba kimoja. Nimejaribu. Na kwa kuwa mmoja wetu lazima atoke, niliona afadhali nitoke mimi, kwa sababu yeye anaandika vizuri na mimi ninakohoa tu."

Mle ndani pakawa na sauti ya watu wengi wanaobadilisha namna ya kukaa. Isakwisa akamgeukia Mzee Kasim. "Mwenyekiti, nimeridhika. Naiondoa hoja."

Ningenyamaza. Mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angenyamaza, angepita dirishani kinyumenyume na kuvaa kiatu chake. Lakini nilikuwa nimesikia kosa la kisheria, na kosa la kisheria likipita mbele yangu bila kusahihishwa ninaumwa.

"Haiondoleki," nikasema.

"Nini?"

"Ibara ya hamsini. Hoja ikishasomwa haiondolewi na mleta hoja, wala na mtu mwingine. Ni lazima ipigiwe kura. Niliweka hivyo ili mleta hoja asije akashawishiwa kwa pembeni."

"Mwalimu," Mzee Kasim akasema polepole, "unataka tupige kura ya kukuondoa?"

"Sitaki. Ni lazima."

Mzee Kasim alimtazama Isakwisa, Isakwisa akaitazama karatasi yake. "Huyu alitufundisha hivihivi," Isakwisa akasema.

Kwa hiyo ikapigwa kura. Tume ilikubaliana kwanza kwamba mambo yaliyodaiwa yalitokea, jambo ambalo lisingekanika kwa kuwa kiatu kilikuwa hapo. Kama yanadhalilisha kiti au hayadhalilishi, hilo likaachwa kwa wanachama. Zilihitajika kura arobaini na nane. Niliwatazama wakinyoosha mikono, nikiwa nimeshika kizingiti cha dirisha na macho yamepita juu ya kichwa cha katibu. Walionyoosha hawakuonekana kuwa na hasira. Wengine, nimeambiwa baadaye, walidhani wanapiga kura ya kunihurumia, ili niende nyumbani nikabadilishe nguo.

Tusekile alihesabu kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu, kisha akarudia. "Arobaini na saba," akasema.

Imepungua moja. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa bado Mheshimiwa. Nilikuwa nimekiri, nimelowa, nimeonekana na simu sita, lakini kiti kilikuwa changu. Nikaanza kutafuta pa kukanyaga ukutani.

"Mwenyekiti," Tusekile akasema, "ibara ya hamsini na mbili. Katibu ni mwanachama. Anapiga kura wa mwisho, ili asishawishi wengine."

"Imeandikwa?" Mzee Kasim akaniuliza kupitia dirishani.

"Imeandikwa," nikasema.

Tusekile aliweka kalamu juu ya daftari. Hakugeuka upande wangu. Alisema akiutazama mlango, kama mtu anayezungumza na mvua. "Mzee wetu amenyeshewa vya kutosha. Na kazi hii ya kuandika naipenda, ila siwezi kuendelea kuifanya nikijua kuna mtu anasimama nje kwa ajili yangu." Akanyoosha mkono.

Hivyo ndivyo nilivyoondolewa, kwa kufuata utaratibu wote, bila hata ibara moja kukiukwa. Nafahamu Katiba nyingi ambazo haziwezi kusema hivyo. Mzee Kasim alinipa kiatu changu kupitia dirishani, akaniambia kwamba umoja wao wa Kiwira hauna Katiba, na kwamba ataniomba nisiwaandikie. Kisha akavaa mfuko wake wa nailoni na kuondoka.

Nilishika njia ya nyumbani. Sikuwa nimefika mbali Isakwisa aliponifikia na mwavuli, akaufungua juu ya vichwa vyetu wote wawili. Mkononi alikuwa na karatasi yake na kalamu nyekundu. Sijui aliitoa wapi. Inawezekana aliibeba tangu asubuhi.

"Mwalimu. Swali la nane."

"Bado haikuwa jibu la swali lililoulizwa," nikamwambia. "Uliulizwa utaje mila. Wewe ulikataa kutaja."

"Mwalimu."

Nikamgeuza, nikaiweka karatasi mgongoni kwake. Niliufuta mkasi kwa mistari miwili, nikaweka alama ya vema, nikaandika mbili, nikajumlisha upya, nikatia saini na tarehe. Chini ya "fikra za kale" sikujua niandike nini, nikayaacha maneno yalivyo. Isakwisa aliisoma akiwa amesimama katikati ya njia.

"Hamsini," akasema. "Nimefaulu."

"Kwa shida."

Ndipo tuliposikia miguu nyuma yetu. Tusekile alikuwa akija kwa njia ileile na daftari chini ya kitenge, kichwa amekiinamisha kwa sababu ya mvua, na hakuwa ametuona. Alipotuona, aliacha njia akaingia upande wa kushoto, kwenye maharage. Nami wakati huohuo nilikuwa nimeshaingia kulia, kwenye migomba. Tulipishana hivyo, kila mmoja ndani ya majani yake, kila mmoja amempa mwenzake njia, na njia yote akabaki nayo Isakwisa, amesimama peke yake na mwavuli.